Kwa nini kampuni za programu huficha bei, na ni nani anayeigharimia siri hiyo

MHAZINI wa chama cha akiba na mikopo anayetafuta programu ya kuwekea hesabu za wanachama hufungua tovuti ya kampuni ya kwanza akiwa na swali moja tu: ni pesa ngapi?

Katika tovuti hiyo ataonyeshwa picha za watu wanaotabasamu mbele ya tarakilishi, maelezo marefu ya kazi ambazo programu inaweza kufanya na majina ya wateja walioridhika. Bei haipo. Mahali ambapo ingepaswa kuwa pana kitufe kinachomwomba awasiliane na kampuni, aache jina lake, nambari ya simu na idadi ya wanachama wa chama chake. Akifungua tovuti ya pili na ya tatu, mara nyingi atakutana na kitufe kicho hicho.

Ni jambo la ajabu kidogo. Bango la kituo cha mafuta husomeka ukiwa barabarani, na duka la jumla ambalo halijabandika bei kwenye rafu zake huwatia wateja shaka. Ilhali kampuni zinazojinasibu kuwa zinaleta uwazi katika hesabu za wengine huuza bidhaa zao kwa mnong'ono.

Swali la iwapo kampuni za programu zinapaswa kutangaza bei mtandaoni limejadiliwa kwa miaka mingi, lakini wanaolijadili zaidi ni wauzaji wenyewe. Wao huliona kama suala la mbinu za biashara. Kwa mnunuzi, hasa mnunuzi mdogo anayetumia pesa za watu wengine, ni suala la iwapo ataweza kusimama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka na kueleza kwa nini alilipa alicholipa.

Na wanunuzi hao si wachache tena humu nchini. Tangu mwaka wa 2023, Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) imekuwa ikiwataka wafanyabiashara watoe ankara kupitia mfumo wa eTIMS, na kuanzia Januari 1, 2024, gharama nyingi zisizo na ankara ya aina hiyo hazikubaliwi katika hesabu za kodi. KRA hutoa nyenzo zake za msingi bila malipo. Lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetaka programu moja itakayounganisha ankara, stoo na mauzo hulazimika kuitafuta kwa kampuni binafsi, na huko ndiko anakokutana na kile kitufe.

Ili kuelewa kwa nini bei hufichwa, ni sharti kwanza kuielewa bidhaa yenyewe. Mwokaji mikate anajua unga, sukari, kuni na mishahara vimemgharimu kiasi gani kwa kila mkate. Bei yake haiwezi kushuka chini ya hapo kwa muda mrefu, na kwa kuwa waokaji wengine nao hununua unga ule ule, haiwezi kupanda mno.

Programu haina unga. Karibu gharama yote hutumika kuiandika nakala ya kwanza, na pengine kazi hiyo huchukua miaka. Nakala ya pili, ya mia na ya elfu kumi hazigharimu karibu chochote. Matokeo yake ni kwamba bei ya nakala moja haina sakafu inayoonekana. Muuzaji anaweza kuiuza kwa Sh20,000 na asipate hasara kwa nakala hiyo, na anaweza kuiuza kwa Sh2 milioni. Kinachoamua ni kiasi ambacho mnunuzi yuko tayari kutoa.

Wanauchumi huita mtindo huu ubaguzi wa bei, yaani kuuza kitu kimoja kwa bei tofauti kutegemea anayenunua ni nani. Jina hilo ni kali kuliko jambo lenyewe, kwani mtindo huu una manufaa yake. Benki ikilipa zaidi na shule ikalipa kidogo, zote mbili hupata programu, na mwandishi wake hupata pesa za kuiboresha. Lau bei ingekuwa moja kwa wote, huenda shule ingekosa kabisa.

Lakini ubaguzi wa bei unaweza kufanywa hadharani au kichinichini. Kampuni inayoandika katika tovuti yake kwamba shule hulipa nusu ya bei imebagua hadharani, na kila shule inajua haki yake. Kampuni inayosubiri kwanza ijue mteja ni nani, ana wanachama wangapi na ana haraka kiasi gani, kisha ndipo itaje bei, imebagua kichinichini. Fomu iliyo kwenye tovuti ndiyo kifaa cha kazi hiyo. Kabla mhazini hajaambiwa lolote kuhusu bei, yeye ameshaeleza uwezo wake.

Hapa pana wanaouliza: je, si ndivyo biashara inavyofanywa sokoni? Mwuza mitumba wa Gikomba huangalia viatu vya mteja kabla ya kutaja bei ya koti, na hakuna anayemwita mwovu. Bei ni ya maelewano.

Ulinganisho huo ni mzuri kwa sababu unaonyesha tofauti iliyopo. Mteja wa Gikomba asiporidhika huchukua hatua tatu na kufika kwa mwuzaji wa pili, kisha wa tatu, na katika robo saa anajua bei ya koti katika soko zima. Kumwuliza mwuzaji mwingine hakumgharimu kitu. Ndiyo maana mwuza mitumba, hata akianza na bei ya kuruka, hawezi kuishikilia.

Mnunuzi wa programu hana hatua tatu. Kwanza hujaza fomu, kisha hupigiwa simu na ajenti anayemwuliza maswali, kisha hupangiwa siku ya kuonyeshwa programu, kisha husubiri makadirio ya bei yaandikwe. Kwa kampuni moja tu, wiki mbili au tatu zinaweza kupita. Baada ya kampuni ya pili huwa amechoka, na bodi yake inamwuliza kwa nini kazi haijaanza.

George Stigler, mwanauchumi wa Marekani aliyetunukiwa tuzo ya Nobel mwaka wa 1982, alilieleza jambo hili katika makala yake ya mwaka wa 1961 kuhusu uchumi wa taarifa. Kuitafuta bei nafuu kuna gharama yake, na mnunuzi huacha kutafuta pale ambapo gharama ya kuuliza mara moja zaidi inazidi faida anayotarajia. Kwa hivyo, anayefanya kuuliza kuwe kugumu huwafanya wanunuzi waache kuuliza mapema. Kampuni si lazima ikatae kutaja bei. Inatosha kuichelewesha.

Desturi ya kuomba makadirio kutoka kwa wauzaji watatu, ambayo sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka wa 2015 inaitaja kama idadi ya chini kabisa kwa ununuzi wa aina hiyo, haitoi kinga kubwa hapa. Makadirio hayo matatu huja katika sura tatu. Moja linahesabu kwa kila mtumiaji kwa mwezi, la pili kwa kila tawi kwa mwaka, la tatu ni la malipo ya mara moja lakini kwa dola na bila ya ushuru wa VAT wa asilimia 16. Kuyalinganisha ni kama kulinganisha debe, kilo na fungu. (Ule mchezo wa makadirio matatu yanayotoka katika mfuko wa mtu mmoja ni hadithi nyingine, ingawa unachezeka kwa urahisi zaidi pale ambapo bei ya kweli haijulikani.)

Sheria hiyo hiyo inataka bidhaa za kawaida ambazo bei zake sokoni zinajulikana zinunuliwe kwa bei inayotawala sokoni. Afisa wa ununuzi anaweza kuijua bei ya karatasi na ya magurudumu. Ataijuaje bei ya soko ya mfumo wa hesabu ikiwa hakuna duka lililoiandika?

Wauzaji nao wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Hoja inayotajwa kwanza huwa ni kwamba washindani wataiona bei na kuishusha yao. Hii ndiyo dhaifu zaidi. Mshindani anayetaka kujua bei ya mwenzake hujifanya mteja, au huwauliza wateja ambao wameshawahi kupokea makadirio kutoka pande zote mbili, au humwajiri ajenti aliyehama kutoka kampuni hiyo. Bei iliyofichwa huwa siri kwa mteja kwanza, na kwa mshindani mwisho.

Wengine husema kwamba mteja akiiona bei kabla ya kueleweshwa thamani ya bidhaa atakimbia. Huenda ni kweli. Lakini mteja asiyeweza kuimudu atakimbia tu, tofauti ni kwamba atakimbia baada ya wiki tatu, akiwa amepoteza muda wake na wa ajenti.

Hoja yenye uzito ni ile ya mahitaji tofauti. Hospitali yenye matawi matano, rekodi za miaka 20 zilizo kwenye mafaili na wahudumu 300 wa kufundishwa haiwezi kupewa bei sawa na zahanati ya chumba kimoja. Kuhamisha rekodi za zamani pekee kunaweza kugharimu kuliko programu yenyewe, na hakuna ajuaye kiasi hicho kabla ya kuyafungua mafaili. Hili ni kweli. Hata hivyo, fundi mwashi pia hawezi kutaja bei ya nyumba ambayo hajaiona ramani yake, lakini anajua malipo yake ya kutwa na huyataja akiulizwa.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hulisema kwa nadra, nalo ni kwamba kuficha bei kuna gharama kubwa kwao wenyewe. Joel Spolsky, mwandishi wa programu na mfanyabiashara wa Marekani, alieleza katika makala aliyoichapisha Desemba 2004 kwamba programu za biashara huuzwa ama kwa bei ya chini ambayo mtu anaweza kulipa bila kuitisha mikutano, ama kwa makumi ya maelfu ya dola, na kwamba katikati ya viwango hivyo hapana kitu. Sababu yake ilikuwa rahisi. Bei ikipita kiwango ambacho meneja anaweza kuidhinisha peke yake, mauzo huhitaji ajenti, safari, maonyesho na vikao vingi, na msafara huo wote lazima ulipiwe na mauzo machache yanayofanikiwa.

Kwa maneno mengine, katika bei anayopewa mhazini wetu mna gharama ya kumshawishi yeye, pamoja na gharama ya kuwashawishi wale ambao hawakushawishika.

Kampuni ya Atlassian ya Australia iliamua kuiepuka njia hiyo. Ilianzishwa jijini Sydney mwaka wa 2002 na vijana wawili waliotoka chuo kikuu, Mike Cannon-Brookes na Scott Farquhar, ambao hawakuwa na pesa za kuwaajiri maajenti wa mauzo. Waliiweka programu yao mtandaoni, wakaandika bei yake na kumwacha mteja ajaribu, alipe na kuipakua mwenyewe. Mwaka wa 2009 walianza kuuza leseni kwa vikundi vya hadi watu 10 kwa dola 10 tu, pesa hizo zikaenda kwa shirika la hisani la Room to Read linaloshughulikia elimu ya watoto.

Kampuni hiyo ilipouza hisa zake kwa umma katika soko la Nasdaq mnamo Desemba 2015, mapato yake ya mwaka yalikuwa yamepita dola 300 milioni. Kadiri ilivyokua ndivyo ilivyolazimika kuajiri watu wa kuzungumza na wateja wakubwa, na hapa ndipo wanaotetea usiri husema: mnaona? Lakini walichoongeza ni mazungumzo kwa wakubwa. Bei ya mteja mdogo ilibaki mahali pa kusomwa.

Isidhaniwe kwamba kubandika orodha ya bei humaliza jambo. Oracle, kampuni ya Marekani inayojulikana zaidi kwa programu za hifadhidata, imekuwa na orodha ya bei inayosomwa na yeyote mtandaoni. Kwa miaka mingi orodha hiyo imeonyesha kuwa leseni ya Oracle Database Enterprise Edition ni dola 47,500 kwa kila kichakataji, takriban Sh6.1 milioni kwa kiwango cha Sh129 kwa dola. Juu ya hizo, msaada wa kiufundi ni asilimia 22 ya bei hiyo kila mwaka, yaani dola 10,450. Kichakataji ndicho sehemu ya tarakilishi inayofanya hesabu, na mashine moja kubwa inaweza kuhitaji leseni kadhaa.

Ni wateja wangapi wakubwa hulipa bei hiyo? Dirisha la kuchungulia lilifunguka mwaka wa 2004, wakati Wizara ya Haki ya Marekani ilipokwenda mahakamani San Francisco kuizuia Oracle kuinunua kampuni pinzani ya PeopleSoft. Miongoni mwa ushahidi uliotolewa mlikuwa fomu za ndani ambazo maajenti wa Oracle walizijaza kuomba idhini ya kumpunguzia mteja bei, wakieleza mshindani gani alikuwa akimnyemelea mteja huyo. Serikali ilizitumia kudai kwamba wauzaji walimjua kila mteja kiasi cha kuweza kumtoza kivyake. Jaji Vaughn Walker aliikataa kesi ya serikali Septemba mwaka huo na Oracle ikainunua PeopleSoft, lakini umma ulikuwa umeona jinsi bei za programu kubwa zinavyopikwa.

Miaka saba baadaye, serikali hiyo hiyo ililijia suala hili kama mnunuzi. Oracle ilikuwa imeiuzia leseni na huduma kupitia mkataba wa jumla ulioendelea kuanzia 1998 hadi 2006, ambao uliitaka kampuni ieleze vipunguzo ilivyowapa wateja wa kibiashara ili serikali ipate bei inayolingana. Mfanyakazi wa zamani alidai mahakamani kwamba vipunguzo vya kweli vilikuwa vikubwa kuliko vilivyoelezwa, na wizara ikajiunga naye. Oktoba 2011, Oracle ilikubali kulipa dola 199.5 milioni pamoja na riba. Mambo yaliisha kwa mapatano, bila mahakama kuamua kwamba kampuni ilikuwa na hatia.

Funzo la kesi hizo linamhusu hata mhazini wa mashambani. Bei iliyoandikwa juu sana ili ipunguzwe kwa siri hufanya kazi ile ile ya bei iliyofichwa, na pengine vibaya zaidi. Mteja mwenye nguvu na wanasheria hupata kipunguzo, mdogo huilipa orodha ilivyo, akiridhika kwamba amenunua mahali penye uwazi.

Pamoja na kasoro hizo, bei iliyoandikwa ina nguvu ambayo ya kunong'onezwa haina, kwani inaweza kubishaniwa. Raia wa Australia walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba programu walizopakua kutoka mtandaoni, zisizopanda meli wala ndege, ziliuzwa kwao ghali kuliko Marekani. Waliweza kulithibitisha hilo kwa sababu bei za nchi zote mbili zilikuwa kwenye tovuti, na aliyetaka alizilinganisha akiwa nyumbani.

Kamati ya bunge la nchi hiyo ilianza uchunguzi mwaka wa 2012 na kuziamuru Adobe, Apple na Microsoft zifike mbele yake Machi 2013 kujieleza. Mwezi mmoja kabla ya kikao hicho, Adobe ilipunguza bei ya huduma yake ya Creative Cloud kwa Waaustralia. Ripoti ya kamati iliyotolewa Julai 2013 ilisema kuwa mara nyingi wananchi na wafanyabiashara wa Australia walilipa asilimia 50 hadi 100 zaidi kwa bidhaa zile zile. Kwa bei za siri, wabunge hao wasingekuwa na la kuuliza.

Upo mfano mmoja ambao wapenzi wa uwazi hawana budi kuukabili, nao hautoki katika programu bali katika ujenzi. Mwaka wa 1993, mamlaka ya ushindani ya Denmark ilianza kukusanya na kuchapisha bei halisi ambazo kampuni ziliuzia zege iliyochanganywa tayari, ikinuia kuchochea ushindani. Katika kipindi kisichozidi mwaka mmoja, bei zilipanda kwa asilimia 15 hadi 20.

Wanauchumi Svend Albæk, Peter Møllgaard na Per Overgaard, waliochapisha uchunguzi wao mwaka wa 1997, walihitimisha kwamba maelezo yanayoelekea zaidi ni kuwa uchapishaji ulizisaidia kampuni hizo kuchungana. Awali, aliyempunguzia mteja bei kwa siri aliweza kumpokonya mwenzake kazi. Bei zilipochapishwa, kila kipunguzo kilionekana mara moja na wenzake wangeweza kulipiza, kwa hivyo hapakuwa na faida ya kupunguza.

Je, hayo yanaweza kutokea kwa programu? Inategemea soko. Zege haisafirishwi mbali kabla ya kuganda, kwa hivyo katika kila eneo wauzaji walikuwa wachache na bidhaa yao ilikuwa moja. Programu huuzwa kutoka popote, hazifanani, na mpya huzuka kila mwaka. Lakini pale ambapo wauzaji wa mfumo fulani nchini ni watatu au wanne, na wote wanajuana, hatari hiyo ipo, na ni kazi ya Mamlaka ya Ushindani (CAK) kuiangalia. Inafaa pia kukumbuka kwamba Denmark ilichapisha bei za mauzo yaliyokwisha kufanyika. Kampuni kutangaza bei inayomwuzia yeyote anayekuja ni jambo jingine.

Kenya yenyewe si ngeni katika kuwalazimisha wauzaji kutaja bei. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji bidhaa haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Sheria ya Ushindani ya mwaka huo huo inakataza kumtoza mteja wa benki, bima na huduma nyinginezo ada ambazo hakuelezwa kabla.

Mwaka wa 2016, CAK iliziagiza kampuni za huduma za kifedha kupitia simu zimwonyeshe mteja gharama ya muamala kwenye simu yake kabla ya kuukamilisha, badala ya kumwacha ajue baada ya pesa kukatwa. Na tangu mwaka wa 2022, kanuni za Benki Kuu zimezitaka kampuni zinazokopesha kidijitali ziweke wazi gharama za mikopo yao. Katika visa hivyo vyote, bei haikuwa siri kuu. Ilikuja kuchelewa tu, na kuchelewa huko ndiko kulikowaumiza watu.

Programu ya chama cha akiba haimkati mtu ada kila anapotuma pesa, na pengine ndiyo sababu haijamshtua yeyote. Hata hivyo, ni pesa za wanachama hao hao, na mkataba wake ni mgumu zaidi kuuvunja. Rekodi zote zikishaingia katika mfumo mmoja, kuhama ni kazi ya miezi. Bei ya mwaka wa kwanza huwa ya kumvutia mteja. Ile ya mwaka wa tatu, baada ya mlango kufungwa, ndiyo inayopaswa kumnyima usingizi.

Hata wakubwa hunaswa. Broadcom ilipokamilisha ununuzi wa VMware, ambayo programu zake huiwezesha seva moja kufanya kazi za nyingi, mnamo Novemba 2023, iliacha kuuza leseni za kudumu mwezi uliofuata na kuwataka wateja wawe wakilipia kwa vipindi. Kampuni ya simu ya AT&T, mojawapo ya kubwa zaidi duniani, ilikwenda mahakamani New York mwaka wa 2024 ikipinga masharti mapya kabla ya pande hizo mbili kuafikiana mwaka huo huo. Chama cha akiba cha walimu wa wilaya moja hakiwezi kwenda mahakamani New York.

Hapo ndipo bei ya wazi inapomfaa hata mteja ambaye alishanunua zamani. Mhazini anayeletewa ankara ya kuongeza mkataba ataweza kufungua tovuti na kuona mteja mpya anatozwa kiasi gani leo. Asipoweza kuona, atalipa kwa imani.

Kwa programu za kawaida zinazouzwa kwa wengi bila kubadilishwa, za mishahara, za stoo, za karo na za ankara, hakuna sababu ya maana ya kuficha bei, na mnunuzi ana haki ya kumshuku anayeificha. Kwa mifumo mikubwa inayoshonwa kwa kipimo cha mteja, kampuni inaweza kuandika inahesabu kwa kipimo gani, kama ni mtumiaji, tawi au mwanachama. Bei huanzia wapi. Siku moja ya mtaalamu wa kuhamisha rekodi au kufundisha wafanyakazi ni kiasi gani. Na matunzo ya kila mwaka ni asilimia ngapi. Hayo yote kampuni inayajua leo, kabla ya kukutana na mteja yeyote.

Sarafu pia itajwe. Aliyetia saini mkataba wa dola 1,000 kwa mwezi aliulipia takriban Sh160,000 mnamo Januari 2024, shilingi ilipokuwa imedhoofika, na takriban Sh129,000 kufikia mwishoni mwa mwaka huo. Bajeti ya shule ya upili haihimili mtikisiko huo.

Mpaka kampuni zitakapofanya hivyo kwa hiari au kwa kushurutishwa, mnunuzi anaweza kuubadili utaratibu kwa upande wake. Badala ya kujaza fomu na kusubiri maonyesho, atume baruapepe moja kwa kampuni zote, yenye idadi ya watumiaji na kazi anayotaka ifanywe, akiomba jumla ya gharama ya miaka mitatu kwa shilingi pamoja na VAT, na kusema kwamba hatakutana na ajenti kabla ya kupata jibu la maandishi. Asiitaje bajeti yake. Aulize pia malipo ya kukabidhiwa rekodi zake zote, katika muundo unaosomeka na programu nyingine, siku atakapoamua kuondoka, kwa sababu hiyo ndiyo bei ambayo hata kampuni zenye tovuti za wazi kabisa husahau kuiandika.